Je, Waya Unasikika? Historia ya Swali Lililofika Nyamyumba

Utangulizi

Likizo iliyopita, kwaya ya kanisa letu katika sekta ya Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, nusura igawanyike kwa sababu ya waya. Tulikuwa na mkutano wa injili nje ya kanisa, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Kivu. Amplifaya ilibaki ndani kwa kuogopa mvua, na spika moja tukaipeleka chini karibu na barabara, umbali wa mita 40 hivi, ili wapita njia nao wasikie. Waliokaa mbele walifurahi. Waliokaa barabarani walisema sauti ilikuwa dhaifu na imeziba, kana kwamba kwaya ilikuwa inaimba ndani ya mtungi.

Kesho yake lawama zikaanza. Wengine waliwalaumu waimbaji wa sauti ya pili. Wengine walinilaumu mimi, kwa sababu wakati wa likizo ndimi ninayekaa kwenye miksa. Ndipo mwenzetu mmoja, aliyewahi kupiga gitaa na bendi upande wa Goma, akaleta waya mnene wa mita 5 wenye ncha zinazong'aa dhahabu. Akasema, "Tatizo lenu ni waya. Nunueni wa aina hii, mtasikia kwaya mpya." Bei ya waya huo kwa urefu tuliouhitaji ilizidi michango ya kwaya ya miezi minne. Mama mhazini akashika kichwa. Nusu ya kamati ikataka ununuliwe, nusu nyingine ikacheka ikisema waya ni waya, umeme haujui bei. Kisha wote wakanigeukia: "Wewe uliye chuoni, tuambie."

Sikuwa na jibu. Ninasoma Kiswahili na historia, si umeme. Nilichoweza kufanya ni kile tunachofundishwa kufanya, yaani kuuliza swali hili limetoka wapi, nani aliwahi kulijibu, na kwa ushahidi gani. Katika insha hii ninafuata safari ya swali hilo. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili za kamati yetu zilikosea, na kila upande ulikuwa na sehemu ya historia nyuma yake. Waya unaweza kusikika. Lakini kinachosikika ni urefu, unene, metali na maungio yake, wala si jina na bei yake. Tena hatukuweza kulijua hilo mpaka watu walipokubali kusikiliza bila kujua wanasikiliza nini.

Waya uliozama baharini

Anayesema "waya ni waya" angepaswa kuwapo Uingereza katika miaka ya 1850. Wakati huo kampuni iliundwa ili kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alichapisha nadharia mwaka 1855 iliyoonyesha kwamba ishara katika waya mrefu uliozungukwa na maji huchelewa na kutawanyika, na kwamba ucheleweshaji huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu. Ukiurefusha waya mara mbili, ucheleweshaji huwa mara nne. Kwa hiyo alitaka shaba nene na safi zaidi.

Fundi mkuu wa umeme wa kampuni hiyo, Wildman Whitehouse, hakukubali. Yeye alikuwa daktari kwa taaluma, lakini alikuwa amefanya majaribio mengi ya umeme kwa mikono yake, na aliamini kwamba uzoefu wake ulishinda hesabu za profesa. Waya ulilazwa mwaka 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, zenye maneno 98, zilichukua takriban saa 16 kufika. Whitehouse alijaribu kuilazimisha ishara ipite kwa kutumia umeme wa volti nyingi sana, na baada ya majuma kama matatu waya ukanyamaza kabisa. Mawasiliano ya kudumu katika Atlantiki yalipatikana mwaka 1866 tu, kwa waya ulio mnene zaidi.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa mada yetu. La kwanza ni kwamba waya si bomba tupu ambalo kila kitu hupita ndani yake bila kubadilika. La pili ni kwamba ugomvi huo ulisaidia kuzaa vipimo. Mwaka 1861 jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza iliunda kamati ya kuweka kipimo kimoja cha ukinzani wa umeme, na mwaka 1881 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ukakubali jina la omu, kwa heshima ya Mjerumani Georg Ohm. Kabla ya hapo fundi wa London na fundi wa Berlin waliweza kubishana siku nzima kuhusu waya mzuri bila kuwa na namba moja wanayoielewa wote wawili.

Teknolojia hiyo haikukaa mbali nasi. Mwaka 1879 waya wa baharini kutoka Aden ulifika Zanzibar, kisha ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Simu ya sauti ilipoenea, tatizo la Thomson lilirudi katika sura mpya, maana sasa kilichoharibika njiani ni matamshi ya mtu. Oliver Heaviside alieleza mwaka 1887 jinsi ya kuzuia upotoshaji huo, na kufikia mwaka 1900 Michael Pupin alikuwa amebuni koili za kuwekwa kila baada ya umbali fulani kwenye njia ya simu. Kwa watu wa simu, basi, jibu lilikuwa wazi: waya unasikika.

Lakini unasikika kwa umbali gani? Hapa ndipo wauzaji wa siku zetu huchanganya mambo. Sauti ya juu kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuisikia ni ya hesi 20,000. Ishara yake ikisafiri kwenye waya kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa kilomita 10. Huo ni kama mwendo wa kutoka kwetu Nyamyumba hadi karibu na mpaka wa Goma. Waya wa mita 5 kati ya amplifaya na spika ni sehemu ndogo mno ya wimbi hilo. Matatizo ya Atlantiki hayaingii sebuleni. Yanayobaki sebuleni ni machache na mepesi kupimwa, na la kwanza kati yake ni ukinzani.

Shaba, na jirani yetu Katanga

Thomson huyohuyo aligundua jambo jingine. Mwaka 1857 alipima shaba iliyokuwa ikiuzwa madukani, akakuta vipande vilivyofanana kwa macho vilitofautiana sana katika kupitisha umeme, kwa sababu ya uchafu uliokuwamo. Kwa hiyo madai ya "shaba safi" yaliyoandikwa leo kwenye maboksi ya waya yana mzizi wa kweli. Wakati huo yalikuwa habari kubwa. Hata hivyo, viwanda vilijifunza kusafisha shaba kwa umeme, na mwaka 1913 dunia ikawekewa kiwango kimoja cha shaba ya nyaya. Tangu hapo shaba ya kawaida ya umeme imekuwa karibu sana na kiwango hicho. Kuisafisha zaidi huongeza bei, lakini nafasi iliyobaki ya kuongeza ubora ni finyu mno.

Sisi wa Maziwa Makuu tuna sababu ya pekee ya kuijua shaba. Muda mrefu kabla ya ukoloni, watu wa Katanga waliichimba, wakaiyeyusha na kuifinyanga kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama mali na fedha. Mwaka 1906 Wabelgiji na washirika wao walianzisha kampuni ya Union Minière du Haut Katanga, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa katika kiwanda cha Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Hadi sasa Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani. Lakini shaba hiyo husafiri mbali kabla haijawa waya, na kinachorudi katika masoko yetu si shaba sikuzote.

Waya mwingi wa bei nafuu unaouzwa leo ni alumini iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa nje ni mwekundu kama shaba. Alumini si kitu kibaya; njia kubwa za umeme zinazopita juu ya milima yetu huitumia kwa sababu ni nyepesi. Lakini kwa unene uleule hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba. Aliyenunua waya huo akidhani ni shaba amepunjwa, na punje hiyo inaweza kusikika.

Metali nyingine nazo zina namba zake. Fedha huishinda shaba kwa asilimia 5 au 6 tu. Dhahabu, inayong'aa kwenye ncha za nyaya za bei kubwa, hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sababu ya kuitumia kwenye ncha ni kwamba haishiki kutu, basi. Nilipomweleza mama mhazini jambo hili aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu mwenye waya alikuwa ameisifu dhahabu kuliko kitu kingine chochote.

Waya unakuwa bidhaa ya fahari

Kwa muda mrefu wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani hawakuwa na habari na waya. Mifumo ya sauti ya nyumbani inayoitwa hi-fi (ambayo katika matamshi yetu husikika kama "haifai", na mafundi wetu hucheka) ilipoenea katika miaka ya 1950 na 1960, watu waliunganisha spika kwa waya wa kawaida wa taa. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 huko California, Noel Lee, mhandisi aliyekuwa pia mpiga ngoma, alianzisha kampuni ya Monster Cable. Aliuza waya mnene, wenye jina, uliofungwa kwenye boksi zuri.

Tusimdharau haraka. Waya wa taa uliotumiwa na wengi ulikuwa mwembamba, na katika chumba kikubwa waya mnene ulikuwa na faida ya kweli. Tatizo ni kilichofuata. Baada ya unene kufika kiwango cha kutosha, biashara ilihitaji sababu mpya za mtu kubadilisha waya. Zikaja habari za mwelekeo wa shaba, za fuwele ndani yake, za waya unaohitaji "kuzoea" kwa saa kadhaa kabla haujatoa sauti yake. Bei zikapanda. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani, Pear Cable, ilikuwa ikiuza jozi ya nyaya za spika zisizofika mita 4 kwa dola 7,250. Mwanamazingaombwe James Randi, aliyekuwa na zawadi ya dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha jambo lisiloelezeka, alitangaza kwamba atampa fedha hizo mtu atakayeweza kuutambua waya huo kwa kusikia peke yake. Mabishano yalikuwa makali, lakini jaribio lenyewe halikufanyika.

Kufumbwa macho

Wazo la Randi halikuwa jipya. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza tiba ya Franz Mesmer, aliyedai kuponya watu kwa nguvu ya sumaku ya miili. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin na mkemia Lavoisier. Tume hiyo iliwafumba macho wagonjwa. Ikaonekana kwamba mtu alihisi nguvu hiyo alipoamini kwamba inaelekezwa kwake, hata kama hakuna aliyekuwa akifanya chochote. Na asipojua, hakuhisi kitu hata ilipoelekezwa kwake. Wajumbe hawakusema kwamba wagonjwa ni waongo. Walisema kwamba hisia ilikuwa ya kweli, lakini sababu yake haikuwa ile iliyotajwa.

Njia hiyo iliingia katika sauti kwa nguvu mnamo miaka ya 1980. Mwaka 1982 David Clark alichapisha katika jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti maelezo ya kifaa cha kulinganisha vitu viwili bila msikilizaji wala msimamizi kujua ni kipi kinachopigwa. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill kuhusu nyaya za spika. Waya mwembamba sana ulitambulikana. Lakini kati ya Monster Cable na waya wa taa mnene wa kawaida, wasikilizaji walishindwa kutofautisha walipopigiwa muziki. Mwaka 1991 Fred Davis alichapisha vipimo vya nyaya za aina mbalimbali zikiwa na amplifaya na spika halisi. Tofauti zilipimika, ila waya mnene wa kawaida ulionekana kutosha hata kwa mifumo mikubwa.

Majaribio hayo yalifundisha pia jambo dogo ambalo huharibu ulinganisho mwingi. Sauti mbili zikitofautiana kidogo sana kwa ukubwa, sikio haliambii "hii ni kubwa zaidi". Huambia "hii ni safi zaidi", "ina uhai". Kwa hiyo anayelinganisha nyaya bila kusawazisha ukubwa wa sauti analinganisha kitu kingine kabisa.

Wapo wanaopinga njia hii. Husema kwamba kufumbwa macho humtia mtu wasiwasi, na kwamba tofauti nyingine hujitokeza baada ya majuma ya kusikiliza kwa utulivu. Ni pingamizi la kuheshimiwa, kwa sababu wasiwasi upo kweli. Lakini haliwezi kuwa jibu la mwisho. Mtu anaweza kukaa na waya kwa mwezi mzima nyumbani kwake bila kujua ni upi, kisha aulizwe. Kinachotakiwa ni kuficha jina tu, si kuharakisha sikio.

Kurudi Nyamyumba

Niliporudi kwenye kamati sikuwa na hotuba. Niliomba jioni mbili. Mwalimu wa kwaya, ambaye ana sikio kali kuliko sote na hutambua mtu mmoja aliyekosea katika sauti 30, alikubali kuwa msikilizaji wa kwanza.

Jioni ya kwanza tulilinganisha waya wa dhahabu na waya wa kawaida wa umeme wa shaba, ule ambao mafundi huuita wa mbili na nusu kwa sababu shaba yake ni milimita mraba 2.5. Zote zilikuwa za mita 5, na spika ilikuwa ileile. Kwanza tulisikiliza tukiwa tunaona. Mwalimu akasema waya wa dhahabu unazipa sauti za kwanza hewa zaidi. Lazima nikiri hapa: nami niliisikia hewa hiyo. Nilikuwa nimeshasoma yote niliyoyaandika hapo juu, na bado niliisikia.

Kisha tukaweka pazia. Kijana wa kwaya alikaa nyuma yake, akarusha sarafu kila mara ili sarafu ndiyo iamue waya gani uunganishwe, akaandika matokeo kwenye daftari bila kutuambia. Tulisikiliza wimbo wetu wenyewe tuliourekodi, mara 16. Anayekisia tu hutarajiwa kupata 8 hivi. Kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika majaribio 100. Mwalimu alipata 9. Mimi nilipata 7. Yule mwenye waya alipata 8, akacheka kwa muda mrefu, akasema labda pazia limekula hewa.

Kwa haki ya historia niseme kwamba jioni moja ya watu watatu haitoshi kuithibitishia dunia jambo. Lakini ilitosha kwa swali letu, ambalo lilikuwa kama michango ya miezi minne iende huko.

Jioni ya pili tuliuchukua waya uliotumika siku ya mkutano, wa mita 40, tukaulinganisha na waya wa mbili na nusu wa urefu huohuo tulioazima kwa fundi. Hapa hatukuhitaji pazia sana, ila tuliliweka. Katika mara 10, mwalimu alipata 10. Hata bibi mmoja aliyekuja kufunga kanisa alisimama mlangoni akasema, "Huu wa sasa ndio unaosema vizuri."

Tulipoukwangua waya wa zamani kwa kisu, ndani yake ulikuwa mweupe. Aliyetuuzia alikuwa ameapa kwamba ni shaba. Hesabu yake naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyomaliza ugomvi. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 40 za waya ni mita 80 za njia. Waya ule ulikuwa wa milimita mraba 0.5. Kama ungekuwa shaba kweli, ukinzani wake ungekuwa kama omu 2.75. Spika yetu ni ya omu 8. Maana yake ni kwamba spika ingepata takriban asilimia 55 ya nguvu ambayo ingeipata kama waya usingekuwa na ukinzani. Kwa kuwa ulikuwa alumini iliyopakwa shaba, ukinzani ulizidi omu 4, na spika ikapata asilimia 43 hivi tu. Waya wa mbili na nusu wa shaba, kwa umbali uleule, una ukinzani wa omu 0.55, na spika hupata asilimia 87 au 88.

Tena si ukubwa tu uliopungua. Spika haina ukinzani mmoja kwa sauti zote. Hubadilika kati ya sauti nzito na nyepesi. Waya wenye ukinzani mkubwa hupunguza baadhi ya sauti kuliko nyingine, na hapo ndipo ule "mtungi" uliolalamikiwa barabarani ulipotoka. Waimbaji wa sauti ya pili hawakuwa na kosa. Aliyesema tatizo ni waya alisema kweli, ila dawa aliyoileta ilikuwa ya ugonjwa mwingine. Na waliosema waya ni waya walikuwa wanakaribia kuiacha kwaya na mtungi wake.

Tulinunua waya wa mbili na nusu kwa mita, tukaukwangua mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Tulibadilisha pia ncha mbili zilizoshika kutu ya kijani, maana kwetu unyevu wa ziwa hauchezi. Tulisogeza nyaya za maikrofoni mbali na nyaya za umeme, na mngurumo uliokuwa umetuzoeza ukapungua. Michango ya miezi minne ikabaki kwa mama mhazini.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali la waya limekuwa na majibu tofauti kwa nyakati tofauti kwa sababu halikuwa swali moja. Chini ya Atlantiki waya ulikuwa kila kitu. Katika simu za masafa, koili za Pupin zilikuwa za lazima. Kwenye mteremko wa Nyamyumba, mita 40 za alumini nyembamba ziliiharibu ibada. Sebuleni, kwa mita 5 za shaba ya kutosha, ilipofichwa bei hakuna kati yetu aliyeisikia tofauti.

Kwa mwanafunzi wa historia kuna jambo jingine. Sisi hufanya kazi na ushahidi wa watu waliokuwapo: mzee aliyeona, bibi aliyesikia. Tunaupenda ushahidi huo, nasi tuna haki ya kuupenda. Lakini jioni ile nyuma ya pazia nilijifunza kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu alichokisikia, na asiwe sahihi kuhusu kilichosababisha. Nilijifunza kwa sababu shahidi huyo nilikuwa mimi. Kumwambia mtu kama huyo kwamba anadanganya ni kumkosea adabu, tena ni kukosea ukweli. Kinachofaa ni kumwomba asikilize tena, safari hii bila kuambiwa chochote.

Mwalimu wetu wa kwaya ameyakubali matokeo, na ndiye aliyetetea uamuzi wa kununua waya wa mita. Lakini juzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ule wa dhahabu, hata hivyo, ulikuwa na kitu. Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu, hata mimi nilikisikia." Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na daftari la kijana wa pazia bado liko kabatini, lina 9 na 7.